Daftari linasema 60, mimea inasema 10: kisa cha hewa ya ukaa katika tangi la mimea

Tangi ni la lita 120, liko sebuleni katika nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Daftari la mwenye tangi lilionyesha kwamba maji yake yana hewa ya ukaa, gesi anayoitia kutoka mtungini ili mimea ikue, miligramu 60 kwa lita, kiwango ambacho samaki wengi wa matangi hawakivumilii. Kikengele cha kioo kilichobandikwa ndani ya tangi ili kuonyesha kiasi cha gesi kwa rangi kilikuwa na rangi ya buluu iliyoanza tu kuingia ukijani, maana yake gesi ni kidogo. Samaki, tetra na gapi pamoja na kamba wadogo wanaokula mwani, walikuwa wakiogelea kwa raha zao. Mimea ndiyo iliyokuwa ikiteseka. Majani mapya ya Rotala yalitoka madogo na yamejikunja, Anubias zilikuwa zimeota mwani mweusi wa ndevu kwenye kingo za majani, na Taxiphyllum, ule mmea wa nyuzi laini unaofungwa kwenye magogo, ulikuwa umedumaa.

Mwenye tangi aliliamini daftari, na alikuwa na sababu. Miezi michache nyuma, Jumamosi moja baada ya kubadilisha maji, aliongeza gesi, na saa chache baadaye samaki wote walikuwa juu wakihema, midomo ikigusa hewa. Alifunga valvu, akawasha pampu ya hewa, wakapona. Tangu hapo kila alipoiona 60 kwenye daftari aliichukua kama onyo: valvu isifunguliwe zaidi. Akahangaika na mengine. Akabadilisha mbolea, akaongeza chuma na potasiamu, akapunguza saa za taa kutoka kumi hadi nane, akafika mpaka kwenye dawa ya mwani. Mwani mweusi haukuondoka. Aliponiita alitaka kujua ni kirutubisho gani kinachokosekana. Kilichokosekana ni hewa ya ukaa yenyewe, na hilo lilithibitika kwa vifaa alivyokuwa navyo tayari.

Kwanza ieleweke 60 ilitoka wapi. Vifaa tulivyo navyo majumbani havipimi hewa ya ukaa. Vinapima kitu kingine, nasi tunakokotoa. Hesabu inayotumiwa na karibu kila mtu ni hii: KH mara 3, kisha mara 10 yenye kipeo cha 7 kutoa pH. pH ni kipimo cha uasidi: ikishuka, maji yana asidi zaidi. KH, inayohesabiwa kwa digrii, ni kiasi cha baikaboneti iliyomo majini, ile inayoizuia pH isiporomoke. pH ikiwa 7 kamili, hewa ya ukaa ni KH mara tatu tu. pH ikishuka kwa 0.3, jibu linaongezeka takriban mara mbili. Ikishuka kwa 1, jibu linakuwa mara kumi. Hesabu yenyewe ni sahihi, inatokana na kemia ya asidi dhaifu ambayo hewa ya ukaa huitengeneza ikiyeyuka majini. Lakini ina masharti. pH na KH lazima vitoke katika maji yaleyale, wakati uleule. Na kilichoishusha pH lazima kiwe hewa ya ukaa peke yake. Kukiwa na asidi nyingine ndani, au fosfati za zile dawa za kushusha pH zinazouzwa kwa unga, hesabu itakupa namba nzuri isiyo na ukweli wowote.

Kwamba pH peke yake haisemi lolote kuhusu gesi, mfano mzuri ni Ziwa Tanganyika. Maji yake yana pH ya karibu 9, na KH ya kama 17 au 18. Ingiza kwenye hesabu: unapata takriban nusu miligramu ya hewa ya ukaa kwa lita. Sasa chukua maji laini mno, yenye KH 1, yaache kwenye karai mpaka yatulie na hewa. pH yake itafika 7.7 hivi, na hesabu itakupa miligramu 0.6. pH mbili zilizoachana sana, gesi karibu ileile, kwa kuwa maji yote mawili yametulia chini ya hewa moja. Angahewa ya leo ina hewa ya ukaa kama sehemu 420 katika milioni, na maji ya nyuzi 25 yakitulia nayo hubakiwa na kama miligramu 0.6 kwa lita. Hiyo ndiyo sakafu. Tangi lenye taa kali na mimea ya kukua haraka kwa kawaida hulengwa miligramu 20 hadi 30, yaani zaidi ya mara thelathini ya sakafu hiyo.

Turudi Tabata. pH aliyoandika mwenye tangi ilikuwa 6.4, saa saba mchana. Jambo la kwanza lilikuwa kuihakiki, kwa sababu kalamu za bei nafuu za kupimia pH hupotoka, na tumeona kosa la 0.3 linazidisha au kupunguza jibu mara mbili. Kalamu yake ilisawazishwa upya kwa ule unga wa pakiti unaokuja nayo, wa 6.86 na 4.01, kisha ikaachwa ndani ya maji ya tangi dakika kadhaa. Maji yenye madini machache huichelewesha kalamu. Ukisoma mara tu unapoichovya unasoma namba ambayo bado iko njiani. Ilitulia kwenye 6.4. Hapo hapakuwa na kosa.

KH ndiyo iliyonishtua. Kila ukurasa wa daftari ulikuwa na 5. Jumatatu 5, Alhamisi 5, mwezi uliopita 5. Katika tangi lenye mbolea, gogo, samaki na udongo, KH isiyotikisika kwa miezi ni namba ambayo haipimwi. Nilipouliza, jibu lilikuwa wazi: aliyapima maji ya bomba siku alipoanza, akapata 5, na kwa kuwa ndiyo maji anayotia, akaendelea kuandika 5.

Bomba linaweza kuwa 5 na tangi likawa kitu kingine kabisa. Chini ya mimea yake kuna udongo wa akwariamu, ule wa punje nyeusi zilizookwa, na kazi mojawapo ya udongo huo ni kunyonya kalisiamu na magnesiamu na kuachia haidrojeni mahali pake. Haidrojeni hiyo inaila baikaboneti. Ndiyo maana maji huwa laini na pH hushuka, jambo ambalo watu wa tetra wanalipenda. Tulipima. Katika sampuli ya kawaida ya mililita 5, tone moja la dawa ya kupimia KH ni digrii moja, na tone la kwanza tu liligeuza rangi. Hilo linakuambia KH iko mahali fulani kati ya sifuri na moja, na kwa hesabu yetu huo ni ukungu mtupu. Katika hali hii chukua mililita 20 za maji badala ya 5. Kila tone sasa ni robo digrii. Rangi iligeuka kwenye tone la nne. KH ya tangi ilikuwa kama 1.

Rudia hesabu: 3 mara 1 mara 4 kasoro kidogo. Miligramu 12, si 60. Kosa la mara tano, kwa sababu ya kuchanganya maji ya bomba na maji ya tangi katika mstari mmoja.

Ningeweza kuishia hapo, lakini 12 nayo sikuiamini moja kwa moja. Ndani ya tangi mlikuwa na majani makavu ya mkungu, kama wanavyofanya wafugaji wengi wa pwani maana miti hiyo imejaa mitaani, na maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Majani hayo hutoa asidi zake. Kwenye maji ya KH 5 athari yake ni ndogo, ila kwenye KH 1 huwezi kuipuuza: sehemu ya mteremko wa pH yaweza kuwa ya mkungu, wala si ya gesi. Kilihitajika kipimo ambacho hakijali KH ni ngapi wala majani yamo au hayamo.

Kipimo hicho ni glasi. Chota maji ya tangi, yaweke penye hewa safi, tia jiwe la pampu ya hewa au uyakoroge mara kwa mara, na uyaache mpaka kesho yake, mpaka pH iache kupanda. Maji ya glasi yana baikaboneti ileile na asidi zilezile za mkungu kama tangi. Kilichopungua ni gesi tu. Kwa hiyo tofauti ya pH kati ya glasi na tangi ni kazi ya gesi. Glasi ya Tabata ilitulia kwenye 7.5. Tangi lilikuwa 6.4. Tofauti ni 1.1, maana yake tangi lilikuwa na hewa ya ukaa kama mara kumi na mbili na nusu ya glasi. Glasi iliyotulia na hewa ina miligramu 0.6, au inakaribia 1 kama chumba kina watu na madirisha yamefungwa. Jibu linaangukia kati ya 8 na 12. Njia mbili tofauti, na zote zinasimama karibu na kumi.

Hapa kuna jambo linalowapoteza hata wazoefu. Ipo kanuni inayosema pH ikishuka kwa nukta moja kamili, umefika miligramu 30. Kwa kanuni hiyo mwenzetu, mwenye mteremko wa 1.1, angekuwa amepitiliza. Kanuni hiyo inadhani kwamba mwanzo wa safari ni miligramu 3, na kwa tangi lenye samaki, udongo na bakteria kabla ya gesi kuwashwa, dhana hiyo mara nyingi haiko mbali. Tangi la Tabata lenyewe, saa nne asubuhi kabla ya taa, lilisoma 7.0: kwa KH 1 hiyo ni miligramu 3 barabara. Lakini glasi iliyopigwa hewa usiku kucha haianzi kwenye 3. Inaanza chini ya 1. Ukitumia glasi kama mwanzo, mteremko wa 1 unakufikisha 6 au 10 tu, na kufika 30 kunataka mteremko wa 1.5 hadi 1.7. Ukitumia tangi la asubuhi kama mwanzo, mteremko wa 1 unatosha. Kwa hiyo mtu akikwambia mteremko wake ni nukta moja, muulize kwanza umeanzia wapi. Kwa tangi hili, kutoka asubuhi hadi mchana pH ilishuka 0.6 pekee, yaani gesi ilipanda mara nne, kutoka 3 hadi 12. Kila njia inarudi palepale.

Na kikengele? Kilikuwa kinasema kweli wakati wote, ila hakikusikilizwa kwa sababu kilipingana na daftari. Ndani yake kuna maji ya KH 4 yaliyotengenezwa makusudi, yenye matone ya bromothimoli buluu, rangi inayokuwa njano kwenye pH 6 na buluu kwenye 7.6. Maji ya tangi hayaingii humo; kati yao kuna nafasi ya hewa, na kinachovuka ni gesi tu. Kwa hiyo mkungu haukidanganyi, udongo haukidanganyi. Kwa KH 4, miligramu 30 huleta pH 6.6, rangi ya kijani safi. Miligramu 12 huleta 7.0, na hapo rangi ni ile ya buluu yenye ukijani tuliyoiona.

Udhaifu wake ni mwingine. Kwanza huchelewa: gesi lazima ivuke hewa na kuyeyuka upya, na rangi unayoiona sasa ni habari ya saa moja au mbili zilizopita, pengine zaidi. Samaki wanaweza kuwa wanahema na kikengele bado kina kijani kizuri. Pili, kikikaa juu ya kisambaza gesi, mapovu huingia moja kwa moja na kukigeuza njano bila sababu. Tatu, wako wanaokijaza maji ya tangi badala ya maji ya KH 4, na hapo unarudi kwenye matatizo yote ya mkungu na udongo. Maji ya KH 4 hutengenezwa nyumbani kwa miligramu 120 za sodiamu baikaboneti safi katika lita moja ya maji yasiyo na madini. Si bekingi pauda, yenye asidi na wanga ndani. Kwa kuwa mizani ya jikoni haipimi miligramu 120, pima gramu 1.2 kwa lita, kisha chukua sehemu moja ya maji hayo na uongeze sehemu tisa za maji matupu. Maji ya betri kutoka duka la vipuri yanafaa, ila hakikisha ni maji na si asidi ya betri, kwani vyote viwili huuzwa katika chupa zinazofanana.

Sasa ile Jumamosi ya samaki kuhema inaeleweka, na kwangu hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote za kisa hiki. Kila Jumamosi alibadilisha nusu ya maji. Tangi la KH 1 likipokea nusu ya maji ya KH 5, linakuwa KH 3. Gesi ikiwa ileile, miligramu 12, pH inapanda hadi karibu 6.9 kwa sababu baikaboneti imeongezeka. Yeye aliona 6.9, akaiweka kwenye hesabu pamoja na 5 yake ya kudumu, akapata 19. Kwa macho yake gesi ilikuwa imeporomoka kutoka 60 hadi 19. Akafungua valvu mpaka pH irudi 6.4 aliyoizoea. Lakini 6.4 kwenye KH 3 ni miligramu 36. Kwa maji ya nyuzi 29, ambayo hata yakijaa oksijeni hayabebi zaidi ya miligramu 7.7 hivi kwa lita, na uso wa maji uliotulia kama kioo, samaki walifika kikomo.

Tena walihema mchana, taa zikiwa zimewaka na mimea ikitoa oksijeni. Hicho ni kidokezo chenye thamani. Samaki wanaohema alfajiri mara nyingi wamekosa oksijeni, maana usiku kila kilichomo ndani ya tangi kinaivuta na hakuna kinachoitengeneza. Wanaohema saa chache baada ya gesi kuwashwa, mchana kweupe, wamezidiwa na hewa ya ukaa: ikijaa kwenye damu, damu hushindwa kushika oksijeni ipasavyo hata kama majini imo ya kutosha. Pampu ya hewa husaidia hali zote mbili, kwa hiyo kupona kwao hakukuambii ugonjwa ulikuwa upi. Saa ya tukio ndiyo inayokuambia.

Basi tangi hili lilikuwa limeishi miezi kadhaa likiyumba. Katikati ya wiki 12, Jumamosi juu, Jumapili valvu inafungwa kwa hofu, Jumatatu inafunguliwa kidogo. Mwani wa ndevu nyeusi unapenda tangi la namna hiyo. Mmea unaozoea gesi nyingi leo na kunyimwa kesho hauwezi kujipanga; majani ya zamani yanadhoofika, na mwani unaota kwenye jani dhaifu kabla ya jani zima.

Ugumu wa mmea ulio chini ya maji uko hapa: gesi husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko katika hewa. Jani la mhindi shambani hupelekewa hewa ya ukaa na upepo bila gharama. Jani la Rotala limezungukwa na tabaka la maji yaliyosimama, na gesi lazima ipenye humo kidogo kidogo. Kuna kisa cha jirani kinachoonyesha jambo hili kwa uzuri wa pekee. Nymphaea thermarum, yungiyungi mdogo kuliko wote duniani, aliota kando ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, alikogunduliwa na Eberhard Fischer mwaka 1987. Mwaka 2008 alikuwa ametoweka pale. Katika bustani ya Kew, Uingereza, Carlos Magdalena alihangaika na miche iliyokuwa ikiota chini ya maji na kufa, mpaka alipoihamishia kwenye udongo ulio sawa na usawa wa maji, ambako majani yaligusa hewa na hewa yake ya ukaa. Mwaka 2009 ikachanua. Aliondoa ukuta wa maji kati ya jani na gesi. Mwaka 2023 mmea huo ulionekana tena Rwanda. Sisi wenye matangi hatuwezi kuyatoa majani nje, kwa hiyo tunaileta gesi ndani na kuisogeza kwa mkondo wa maji.

Matibabu ya Tabata hayakuanza kwa kufungua valvu. Yalianza kwa taima. Gesi ilikuwa ikiwaka saa nne asubuhi pamoja na taa, na tangi lilifika 12 saa saba mchana, wakati mimea imeshafanya kazi saa tatu kwa njaa. Sasa gesi inawaka saa mbili asubuhi. Namba ya kuandika daftarini ni ya saa nne, taa zinapowaka, si ya mchana; mimea hutumia sana katika saa za mwanzo.

Pili, bomba la filta liliinuliwa ili uso wa maji utikisike. Hapa mwenyewe aliguna, kwa sababu kila mtu ameambiwa mtikisiko unapoteza gesi. Unaipoteza kweli. Lakini unaingiza oksijeni, na unazuia gesi isilundikane bila kikomo. Gesi iliyozidi kidogo kwenye mtungi ni gharama ndogo kuliko samaki walioelea, na katika joto la Dar es Salaam sioni namna ya kufanya kinyume chake.

Ndipo valvu ikaguswa, kidogo, siku ambayo mwenye tangi alikuwa nyumbani mchana kutwa. Hatukuhesabu mapovu. Mapovu kwa sekunde ya tangi moja hayana maana kwa tangi lingine, kwani ukubwa wa povu hutegemea kihesabio na shinikizo. Yanafaa kujua kama leo ni sawa na jana, basi. Baada ya kila ongezeko alisubiri siku mbili tatu, akiangalia matamvua ya samaki kuliko namba: yanapiga haraka kuliko asubuhi? Kamba wanapanda juu ya mabomba na kutulia huko? Walipokuwa shwari aliongeza tena. Lengo lilikuwa pH 6.1 taa zinapowaka, ambayo kwa KH 1 ni miligramu 24, na kikengele kilifika kijani siku hizohizo, kama kinavyotakiwa kwenye pH 6.7 ya maji yake. Sikuona haja ya kufukuzia 30 kwa maji ya nyuzi 29.

Maji ya Jumamosi nayo yalibadilishwa utaratibu: robo badala ya nusu, na katika msimu wa mvua yanachanganywa na maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza. KH ya maji mapya inashuka hadi kama 2, kwa hiyo tangi halirukiruki tena. Na agizo moja kali: siku ya kubadilisha maji, pH ikipanda, valvu haiguswi.

Majani ya Anubias yenye ndevu yalikatwa, maana jani lililokwisha kushikwa halirudi. Wiki chache baadaye Rotala ilikuwa inatoa majani mapana yaliyonyooka na vishina vyenye wekundu kidogo, na Taxiphyllum ilianza kutoa ncha za kijani kibichi. Alasiri mimea ilitoa mapovu madogo, jambo lililomfurahisha sana mwenyewe. Ni dalili njema, lakini isichukuliwe kama kipimo: mapovu yanaonyesha maji yamejaa oksijeni kiasi kwamba haiyeyuki tena, na maji mapya ya bomba yenye hewa ya shinikizo huleta mapovu yaleyale kwa saa kadhaa hata kwenye tangi lisilo na gesi.

Mambo mawili bado yanahitaji macho. La kwanza ni mtungi. Hewa ya ukaa ndani yake ni kimiminika, na saa ya shinikizo hubaki karibu palepale, bar 57 kwenye nyuzi 20 na bar 72 kwenye nyuzi 30, mpaka kimiminika kiishe. Kwa hiyo sindano haikuambii kilichobaki. Inakuambia joto la chumba. Mtungi hupimwa kwa mizani. Na unapokaribia kuisha, regyuleta za bei nafuu huachia gesi nyingi kwa ghafla, kwa hiyo ni bora kuujaza kabla sindano haijaanza kushuka.

La pili ni udongo, na hili ndilo nililomwandikia kwenye jalada la ndani la daftari. Uwezo wa udongo wa kunyonya utaisha. Baada ya mwaka au zaidi, KH ya tangi itaanza kupanda polepole kuelekea ile ya maji anayotia. Akiendelea kuishikilia pH 6.1 kwa mazoea, siku KH itakapofika 2 atakuwa na miligramu 48, na ikifika 3 atakuwa na 71, huku daftari likionyesha kila kitu ni kama jana. Kifaa cha kuwasha na kuzima gesi chenyewe kwa kufuata pH kitafanya kosa hilohilo, tena bila mtu wa kuliona. KH sasa anaipima kila Ijumaa, kutoka kwenye tangi, kwa mililita 20.